Litungu Lililochomwa Kapseret

Majirani wapendwa, nyumba inaweza kuwa na sala asubuhi na jioni, na bado mtu mmoja ndani yake akakosa wa kumsikiliza. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mabonga na mkewe Waithira, kule Kapseret.

Ungepita kwao Jumamosi alasiri ungesema hapa kuna amani. Ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha kula. Ndege ya abiria ilishuka kuelekea uwanjani, na kuku hawakushtuka, wamezoea. Lorraine, binti wa miaka kumi na mmoja, alifua sare zake za shule. Waithira alikaa barazani na daftari, visikizi masikioni, akisikiliza kinanda cha Wajapani chenye nyuzi kumi na tatu. Machozi yalimtoka kwa jinsi kilivyokuwa kizuri.

Waithira alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mchana aliuza vitabu na kalamu katika duka moja mjini Eldoret, na jioni, siku tatu kwa wiki, alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kusomea shahada ya biashara. Chuo kilimtaka achague pia masomo machache ya kando, akachagua Sanaa na Tamaduni za Dunia kwa sababu vipindi vyake vilianza akishafunga duka. Hakujua yangempendeza hivyo. Alijifunza mazulia ya Waajemi, vinyago vya Afrika Magharibi na ngoma za Wahindi. Kila usiku alimshukuru Mungu kwa kumfungulia macho ukubwani.

Nyuma ya nyumba, katika chumba cha peke yake, aliishi Mzee Mulongo, baba yake Mabonga. Alikuwa ametoka Chwele miaka sita iliyopita, baada ya kufiwa na mkewe. Kwa desturi ya Wabukusu, mkwe na baba mkwe hawasogeleani. Hawashikani mkono, hawali meza moja, wala hawapigi soga. Waithira, binti wa wenye duka waliotoka Nyeri zamani, aliishika desturi hiyo kwa heshima kuliko hata Wabukusu wenyewe. Chakula cha mzee kilipelekwa na Lorraine. Salamu zilipelekwa na Lorraine.

Kila jioni mzee alipiga litungu lake, ala ya nyuzi saba iliyowambwa ngozi, akaimba kwa Kibukusu. Waithira hakukielewa Kibukusu zaidi ya salamu. Alikuwa amesikia kwamba litungu hupigwa kwenye pombe na kwenye mizimu, basi. Mzee alipoanza kuimba, yeye aliongeza sauti ya redio, nyimbo za injili zikalifunika litungu lile. Unaona, msomaji? Kinanda cha mbali kilimliza. Cha uani kilimkera.

Mwezi wa saba alifunga siku tatu akiomba nyumba yake itakaswe. Siku ya tatu, mzee alipokuwa ameenda zahanati kupimwa presha, Waithira aliingia jikoni kwa nje, mahali litungu lilipotundikwa ili moshi ulilinde na wadudu. Alilitungua, akaomba, akaliweka kwenye meko ya kuni. Ngozi ilinuka. Alidhani moyo wake ungetulia.

Mzee aliporudi alisimama mbele ya meko, akaona mabaki ya litungu lake majivuni. Kisha akamwita mjukuu wake, akasema kwa sauti ya kawaida, huku Waithira akisikia kutoka sebuleni:

“Lorraine, mwambie mama yako, kama kuni ziliisha angesema. Ningepasua.”

Toka siku hiyo sahani zilirudi na ugali ulioguswa pembeni tu. Baada ya wiki mbili alimwambia Mabonga kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi angependa kurudishwa Chwele. Mabonga alijua hali ya Chwele: paa la nyumba ile lilikuwa limeanguka upande mmoja, na hapakuwa na wa kumpa mzee dawa wala uji. Mtu wa presha, peke yake. Kila mtu alielewa mzee alikuwa anaenda kungoja kifo.

Mabonga hakumfokea mkewe. Alimwambia tu kwamba yeye mwenyewe alisikia harufu ya ile ngozi alipofika nyumbani, na akanyamaza, hivyo dhambi ni ya wawili. Maneno hayo yalimchoma Waithira kuliko matusi.

Wiki hiyohiyo Daktari Jebet, mwalimu wao, alitoa kazi ya mwisho. Kila mwanafunzi arekodi msanii mmoja wa nyumbani kwake, amwulize kazi yake ina maana gani, kisha alisimulie darasa. Waithira aliinua mkono, akaomba kuandika tena juu ya Wajapani.

Wanjohi, kijana wa nyuma aliyependa mzaha, alicheka. “Mama, hao Wajapani umewaandikia kurasa kumi na mbili. Kwani kwenu mko na nini, kuta tupu?”

Darasa likacheka. Daktari Jebet hakucheka. “Nani anapiga ala nyumbani kwenu?” akauliza.

“Alikuwako mzee mmoja,” Waithira akajibu.

“Amefariki?”

“Hapana, Daktari. Nilimchomea ala yake.”

Daktari Jebet alimtazama, akamwambia kwa upole kwamba kazi haibadiliki, na kwamba sauti ya mtu haichomwi pamoja na mbao.

Tusimpake Waithira sukari. Mwanzoni alitaka alama tu, na ndivyo alivyomkiria Mungu wake usiku ule. Lakini alipiga magoti hadi akaona kwamba swali la mwalimu ndilo swali alilopaswa kuuliza miaka sita iliyopita.

Shida ilikuwa desturi. Angemhoji vipi mtu asiyeruhusiwa kumkaribia? Ni Lorraine aliyepata njia. Alimweleza babu kazi ya mwalimu, babu akakubali, naye akaweka simu ya kurekodia kwenye dirisha la chumba chake. Mzee akakaa ndani kitandani. Waithira akaweka kigoda nje, mgongo wake ukutani, macho kwenye shamba la kabeji. Ukuta ukawa katikati, heshima ikabaki.

“Mama Lorraine,” mzee akasema, “unataka sauti ya kitu ulichokichoma?”

“Ndiyo, Baba. Na nataka kuomba msamaha, lakini sijui nianzie wapi.”

“Anzia swali la mwalimu wako. La msamaha nalo litafika.”

Akauliza wimbo wa jioni ulikuwa unasema nini. Mzee alikohoa kidogo, akaeleza kwamba ulikuwa wimbo wa majina. Aliwataja waliotangulia katika nyumba ile ili wasipotee: baba yake aliyewafundisha watu kulima kwa jembe la ng'ombe, mkewe aliyecheka kwa sauti hadi jirani wakajua, ndugu yake aliyezama mtoni. Akawaimba polepole bila ala, akipiga goti lake kwa kiganja, na baada ya kila jina akatafsiri.

Jina la mwisho lilikuwa Nasike.

Waithira akashika kigoda. Nasike alikuwa mdogo wake Lorraine. Aliishi siku arobaini na moja, akafa miaka mitano iliyopita, na mbele ya Waithira hakuna aliyelitaja jina lake tena. Hata Mabonga, aliyeuelewa wimbo, hakumwambia; walidhani wanamhurumia mama.

“Ninaimba kwamba alikuja, tukamwona, alikuwa na nywele nyingi,” mzee akasema. “Mama yake alikuwa analia jikoni, mimi namsikia. Mtu hawezi kumshika mkono mke wa mwanawe. Kwa hivyo nilitumia kile nilichokuwa nacho.”

Kila jioni, miaka mitano, Waithira alikuwa anafarijiwa. Naye aliongeza redio.

Waithira alilia hadi Lorraine akaja kumshika mkono kwa niaba ya babu. Alipoweza kusema, alisema, “Baba, nisamehe. Usiende.” Kisha mzee akasema mikono yake inatetemeka siku hizi, na litungu halichongwi kwa maneno. Anahitaji mtu wa kushika ngozi ikiwa mbichi.

Mabonga hakuwahi kushika ngozi wala kujifunza hata wimbo mmoja. Alileta ngozi ya mbuzi kutoka kwa mchinjaji, akakaa uani na babake jioni baada ya jioni, akikemewa kama mtoto. Vuta. Si hivyo, unafunga gunia? Vuta tena. Waithira, akiwa mbali ndani ya nyumba, alizima redio.

Darasani hakuficha kitu. Alisimulia meko, harufu na ukuta, kisha akawasikilizisha sauti ya mzee. Wanjohi alimfuata ngazini, akamwambia kwa aibu kwamba nyanya yake husuka vyondo na yeye hajawahi kumwuliza chochote.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika. Mabonga alikuwa ameazima gari kama alivyoahidi, kwa kuwa neno la mzee ni neno. Mzee Mulongo alitoka na koti lake la safari, akaenda moja kwa moja jikoni kwa nje, akabonyeza litungu jipya kwa kidole.

“Lorraine,” akasema, “mwambie mama yako ngozi haijakauka. Mtu gani mwenye akili husafiri akaacha ngozi mbichi? Na amwambie baba yako arudishe gari la wenyewe.”

Sauti ya litungu jipya si sawa na ya lile la kwanza, ni kavu zaidi, na mzee mwenyewe amesema haitafanana kamwe. Lile la kwanza halikurudi. Lakini jioni linapigwa, na mama wa Nasike husikiliza.

FUNZO

Ndugu na dada, kusoma tamaduni za dunia ni baraka, na Mungu huwafungulia mlango hata wanaochelewa. Lakini elimu inayovuka bahari ikaruka ua wa nyumbani ni elimu pungufu. Usihukumu usichokielewa, hata kama umefunga na kuomba, maana sala haichukui nafasi ya kuuliza. Kabla hujaita kitu cha mzee wako uchafu, kaa karibu naye kadiri desturi inavyoruhusu, umwulize kina maana gani. Muulize angali hai wa kukujibu.