Chanuo la Mwantumu

Msimu wa mpunga kuiva, ndege hawamsubiri mtu anywe uji. Kondo alikuwa anaamka na giza, anakunja mkeka, anachukua teo lake la kurushia madongo na kupanda dunguni. Dungu lao lilisimama juu ya nguzo ndefu za mkoko katikati ya shamba, huko Mbwera. Ukiwa juu yake uliona mpunga mtupu mpaka macho yakutane na mikoko. Ilikuwa miaka ile bendera ya Mwingereza ingali inapepea bomani Utete, lakini ndege wa Mbwera hawakuogopa bendera ya mtu. Waliogopa madongo na makelele.

Dungu la jirani lilikuwa la Mzee Bwanaheri, na aliyefukuza ndege humo ni binti yake, Mwantumu. Wawili hawa walijuana kwa kutaniana.

"Kondo we! Ndege wako wanahamia kwangu!"

"Wamesikia kwenu kuna pepeta!"

"Pepeta utaiona kwa macho, mvivu mkubwa!"

Lakini alimpa. Mpunga ule mbichi ukishakaangwa na kutwangwa una utamu wake, na Mwantumu alimfungia kwenye jani la mgomba, akamwekea mpakani mwa mashamba. Kondo naye akamsukia teo la ukindu, zuri kuliko lake. Siku alipompelekea, Mwantumu alichomoa chanuo kichwani mwake, chanuo la mti mweusi lenye jino moja lililovunjika.

"Litunze," akasema. "Ukilipoteza, tusijuane."

Habibu, rafiki yake Kondo, alikuwa amekaa juu ya dungu la Kondo anakula muwa. Aliona yote. Hakukuwa na zaidi ya hayo. Hata mkono hawakushikana. Lakini Mwantumu akicheka, Kondo alisahau ndege mpaka mama yake ampigie kelele kutoka nyumbani.

Asubuhi moja, dunguni kwa Mzee Bwanaheri kulikuwa na shangazi yake Mwantumu, mtu mzima. Kesho yake, shangazi tena. Kondo akamuuliza mama yake.

"Mwantumu kawekwa ndani," mama akajibu, anapepeta mchele. "Na wewe usiulizeulize mambo ya wanawake."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Sasa kafanya nini?"

"Kondo, nitakuchapa."

Akamuuliza Habibu. Habibu akakuna kichwa. "Hata dada yangu aliwekwa. Mimi nilichoona ni kwamba alitoka mnene."

Basi Kondo akabaki hivyo hivyo. Alijua lile ambalo kila mtoto wa pale alilijua: msichana akishawekwa ndani anaitwa mwali, na hakuna mwanamume wa kumtia machoni mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Akionekana kabla, ameharibikiwa, na ngoma hana. Kwa nini iwe hivyo, hakuna aliyemweleza. Alipita mbele ya nyumba ile na ndoo, akapita tena bila ndoo. Hakusikia hata kikohozi. Moyo ukamwambia kwamba Mwantumu amemtupa.

Mavuno yalipokwisha, Kondo na Habibu walikwenda Salale kubeba boriti kwenye kambi ya wakata mikoko. Kazi ya matope mpaka kiunoni. Adhuhuri wanaume walikaa juu ya magogo wakala wali na kamba, wakazungumza juu ya wanawake. Aliyezungumza kuliko wote ni Muhidini, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameota sharubu.

"Muulizeni Kondo," akasema. "Kondo, wewe umeshapata mchumba, au bado mama anakufuta pua?"

Wakacheka.

"Mwacheni, mtoto huyu. Akimwona msichana anajificha nyuma ya boriti!" mwingine akadakia.

Kondo aliona masikio yanawaka moto. Mdomo ukafunguka kabla ya akili. "Mimi naingia kwa Mwantumu."

Vicheko vikakatika. "Kwa mwali? Ndani?"

"Ananifungulia mlango wa uani." Akalitoa chanuo kwenye pindo la shuka yake. "Amenipa na hili."

Likapita mkono kwa mkono, na jino lake lile lililovunjika. Wa Mbwera wote walilijua. Muhidini akasogea, akampisha nafasi kwenye gogo. Kondo akakaa katikati ya wanaume, akajiona mrefu. Habibu alimtazama mara moja, kisha akatazama matope.

Mitumbwi iliyobeba boriti ilibeba na maneno. Kondo aliporudi Mbwera, habari ilikuwa imefika zamani. Bi Mwanamkuu, kungwi aliyekuwa akimfunda Mwantumu, aliapa kuwa hakuna aliyeingia. Mzee Bwanaheri akauliza neno moja tu: "Chanuo lake liko wapi?"

"Nilimpa Kondo shambani, kabla sijawekwa ndani," Mwantumu akasema.

Huo ndio ulikuwa ukweli, na hakuna aliyeutaka. Baba yake, mtu mpole ambaye hakuwahi kumgusa, alimchapa siku hiyo. Wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga wa sherehe wakaweka michi chini. Asubuhi Mwantumu akafunikwa kanga gubigubi, akapakiwa mtumbwini bila ngoma wala kigelegele, kama maiti, apelekwe kijiji cha mbali kwa ndugu wa baba yake.

Habibu akamfuata Kondo pwani.

"Nilimwona anakupa lile chanuo. Kule kambini nilinyamaza kwa ajili yako. Sasa nenda kaseme, la sivyo nitasema mimi. Na ukishasema, mimi na wewe basi."

"Habibu, sisi si marafiki?"

"Yule naye alikuwa rafiki yako."

Kondo alimkuta Bi Mwanamkuu anakunja mikeka ya mwali. Alisimama mlangoni, akashindwa kuanza.

"Sema, au niondokee," bibi akasema.

"Bibi, sikuingia."

"Najua hukuingia. Nilikuwa nalala mlangoni. Sasa kwa nini ulisema?"

"Walinicheka."

Bibi aliacha mkeka. "Walikucheka! Mtoto wa watu amechapwa kwa sababu wewe ulichekwa?"

Kondo akalia. Bibi hakumbembeleza.

"Futa kamasi. Utamwambia baba yake kwanza. Kisha utarudi kulekule ulikousema uongo huo, useme umedanganya, wakusikie wote."

Mzee Bwanaheri alisikiliza mpaka mwisho. Kondo alingoja kofi, halikuja. Mzee alitazama viganja vyake. "Nimempiga mwanangu," akasema polepole. Akachukua kafi, akaenda kwenye mtumbwi.

Kambini ilikuwa vibaya zaidi. Kondo alipanda juu ya rundo la boriti.

"Nilisema uongo. Kwa Mwantumu sijaingia hata siku moja. Chanuo alinipa mchana, shambani, Habibu anaona."

"Lo!" Muhidini akapiga makofi. "Kumbe hata mlangoni hujafika!"

"Sijafika."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na wali. Kisha mkata boriti mmoja mzee akasema, "Na sisi tuliobeba maneno yake mpaka Mbwera, tunacheka nini?" Hapo kila mtu akatafuta shoka lake.

Mwantumu alirudishwa, akatolewa kwa ngoma. Lakini ilikuwa ngoma ya watu wachache. Wa Salale hawakuja. Wapo walionong'ona kwamba uongo ni ule wa pili, kijana amefundishwa kuusema, na wapo waliokufa wakiamini hivyo.

Siku ya pili yake Kondo alimpelekea Bi Mwanamkuu chanuo, amrudishie mwenyewe. Bibi akaingia ndani, akatoka nalo bado mkononi.

"Anasema hana nywele za kuchana. Mwali akitolewa ananyolewa."

"Zitaota, bibi."

"Zitaota. Ila chanuo hili yeye halitaki tena."

Kondo akainama. Bibi akaketi kizingitini, akamwonyesha mahali pa kukaa.

"Sikiliza, maana mama yako aliona haya kukwambia, na sisi wakubwa hapo tulikosa. Mwantumu hakuwa mgonjwa wala hakufanya kosa. Mwili wake ulikua, akavunja ungo, kama wako unavyokua na sauti inakukwaruza. Ndiyo maana tulimweka ndani, tumfundishe kujitunza. Usilolijua, uliza; akikataa huyu, muulize mwingine. Usilofanya, usilisemee. Mvulana akijisifu kwa jina la msichana, yeye anapewa nafasi kwenye gogo, msichana anachapwa. Ungempenda kweli, ungekubali kuchekwa."

"Atanisamehe?"

"Hilo si langu kulijibu."

Msimu uliofuata mpunga uliiva tena. Kondo alipanda dunguni na giza, peke yake, maana Habibu hakuja tena kula muwa. Kutoka dungu la pili teo la ukindu lilivuma, na madongo yakaanguka katikati ya ndege. Mwantumu alikuwa anajua kulenga. Ndege wakaruka, wakahamia kwa Kondo, na hakuna aliyemwita.