Jino Linalochungulia

Fundi cherehani alikuwa mcheshi. Wateja walikuja kushonesha nguo, wakabaki kucheka. Lakini nyumbani kwake mwenyewe alikuwa ameacha kucheka.

Sababu ilikuwa jino la mbele. Zamani liligongwa, mshipa wa ndani ukafa. Daktari akasafisha mzizi na kuuziba, maumivu yakaisha. Kisha jino likageuka rangi polepole, hadi likawa kama chai ya rangi. Marehemu mama yake alikuwa na jino jeusi mahali pale pale.

Kitindamimba wake ndiye aliyesema. "Mama, usicheke. Bibi anachungulia."

Tangu hapo mtoto alihamia chumba cha shangazi yake. Fundi aliumia moyoni kuliko alivyowahi kuumwa na jino.

Akaenda kwa daktari wa meno. Daktari alilitoboa jino kwa nyuma, akaweka saruji ya meno juu ya mzizi, akatia dawa ya kung'arisha, kisha akaziba tundu kwa kifuniko cha muda. Akamwonya asing'ate kitu kigumu kwa jino hilo.

Jino likaanza kung'aa. Halafu mchana mmoja, cherehani ikiwa imenyamaza, fundi akaonja uchungu ulimini. Hakuwa amekula chochote. Uchungu ulitoka ndani ya jino, kidogo kidogo, kama mtu anayepumua humo. Alipotazama kioo, giza lilikuwa linarudi ukingoni. Wifi yake, yule shangazi wa mtoto, akanong'ona kwamba marehemu hafukuzwi kwa dawa. Fundi akaogopa hata kujitazama.

Alirudi kwa daktari, akaeleza yote. Daktari hakumcheka. Alimwomba amwonyeshe anavyoshona. Fundi akatoa uzi mkobani, akauvuta, akaukata kwa meno bila kufikiri.

"Hapo hapo," daktari alisema. "Kila uzi unatikisa kifuniko. Kikilegea, dawa inavuja nje, mate na vijidudu vinaingia. Na jino hili halina mshipa, dada. Likiharibika ndani, huenda lisikuambie."

"Na dawa ikivuja kwenda chini?"

"Ndiyo kazi ya saruji. Bila hiyo, dawa inaweza kupenya na kuula mzizi. Usije ukajitilia dawa hii mwenyewe."

Daktari akapima saruji, akaikuta imeshika. Akasafisha tundu, akabadilisha dawa, akaziba upya kwa kifuniko kinene zaidi. Akamuuliza kama mkasi wake ni pambo la ukutani. Fundi akakiri kwamba mazoea yana tabu.

Siku zilizofuata alikata uzi kwa mkasi. Uchungu haukurudi. Jino lilipofanana na mengine, daktari akaondoa dawa yote na kuliziba kwa kizibo cha kudumu.

Nyumbani, fundi alikaa mbele ya mwanawe, akacheka. Mtoto akamtazama kinywani kwa muda mrefu. Fundi akamkumbuka marehemu mama yake, safari hii bila hofu.

Mtoto akatoka. Akaenda chumba cha shangazi, akarudi amekumbatia mto wake.