Benchi la Hamida

Mimi ni Esha. Nina miaka sitini na nne, na mdomo wangu unajulikana Nangurukuru nzima. Asubuhi nafagia uwanja, nawapa kuku pumba, kisha nakwenda kunywa chai kwa Hamida. Hamida anauza chapati na maharage karibu na stendi. Ana benchi moja refu, na hapo ndipo wifi yangu Kazija hunikuta.

Kazija ni dada wa marehemu mume wangu. Mimi na yeye ni utani tu.

"Wifi, umekuja kumaliza chapati za watu?"

"Nimekuja kuona kama umeshakufa, nirithi kanga zako."

Kazija ana ugonjwa wa sukari. Mimi nina presha. Zahanati walituambia neno moja sote wawili: tembeeni, fanyeni mazoezi. Basi nikakusanya wazee wenzangu. Tukawa watano: mimi, Kazija, Bi Amina, maalimu Abilahi wa madrasa, na mzee Valentini aliyehamia kwa mwanawe kutoka Kikole.

Uongozi nilijipa mwenyewe, hakuna aliyenichagua. Nilikwenda mbele mbio mbio, na aliyebaki nyuma nilimzomea. Tulifuata ukingo wa lami, migongo tumeyapa magari. Kazija alivaa baibui jeusi na kandambili. Hatukubeba maji wala simu.

"Tunatembea, hatusafiri," nilisema. Ujinga mtupu!

Ilikuwa Alhamisi, siku chache baada ya Idi. Asubuhi hiyo Kazija alikataa chai.

"Tumbo limejaa," alisema.

"Makubwa! Wewe ukatae chapati?"

Alicheka kidogo tu. Tukaondoka.

Tulikwenda kama nusu saa. Kazija akaanza kubaki nyuma.

"Kaza mguu, wifi! Unatembea kama bibi harusi!" nilipiga kelele.

Hakujibu. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, maana Kazija hakosi jibu hata siku moja.

Mara Bi Amina akapiga yowe. Niligeuka. Lori lilikuwa linakuja nyuma yetu, na Kazija alikuwa ameingia barabarani. Alikuwa anayumba. Nilikimbia, nikalidaka baibui lake, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Tukaanguka wote wawili kwenye vumbi. Lori likapita linapiga honi.

"Una wazimu wewe?" nilimfokea.

Kisha nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka. Midomo ilitetemeka. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Aliniangalia kama hanijui.

"Nataka kwa mama," alisema.

Mama yake alikufa miaka mingi iliyopita. Woga ukaniingia.

"Amepandwa na shetani!" alisema Bi Amina. "Maalimu, msomee!"

Maalimu Abilahi akaanza kusoma.

"Msomee, sawa," alisema mzee Valentini, "lakini na gari litafutwe. Nani ana simu?"

Hakuna aliyekuwa nayo.

Mungu si Athumani. Leonadi, mhudumu wa afya wa jamii, alikuwa anapita na baiskeli. Alituona akaitupa chini.

"Huyu si bibi Kazija mwenye sukari? Amekula nini leo?"

"Alisema tumbo limejaa," nilijibu.

Nilipolitamka neno hilo nikakumbuka. Alhamisi. Idi imepita. Amekataa chai.

"Mungu wangu! Amefunga sita!"

Kwetu, baada ya Ramadhani, wengi hufunga siku sita za sunna. Wala hazitangazwi. Mtu anaweza kukaa nawe kutwa usijue, maana kutangaza ni kujionyesha. Baadaye Kazija alitueleza. Alikula daku tende mbili tu, akameza vidonge vyake vya sukari kama kawaida, kisha akaja kukimbizwa na mimi.

"Naona sukari imeshuka mno," alisema Leonadi. "Bibi, unanisikia? Meza mate."

Kazija akameza.

"Vizuri. Anaweza kumeza, apewe sukari sasa hivi. Angekuwa amezimia tusingemtia kitu mdomoni. Tungemlaza ubavu na kumkimbiza zahanati. Nani ataleta sukari?"

Nilikimbilia nyumba ya karibu. Hata hodi sikupiga.

"Sukari! Nipeni sukari na maji!"

Mwenye nyumba alinipa bila swali. Niliporudi, Leonadi alikuwa ameshampigia simu Shaaban, mtoto wa Kazija, alete bajaji. Akakoroga vijiko vidogo vinne vya sukari katika kikombe. Kazija akauma meno.

"Nimefunga," alinong'ona.

Maalimu Abilahi akapiga magoti.

"Kazija, dada yangu, mgonjwa ana ruhusa. Mungu hataki ujiue. Kunywa."

Akanywa. Tukangoja robo saa. Robo saa hiyo ilikuwa ndefu, jamani! Nilimshika mkono nikalia mbele za watu. Niliogopa kumzika wifi yangu kwa ajili ya kiherehere changu.

Kazija akafumba macho. Akafumbua. Akanitazama.

"Esha, umenichania baibui langu."

Sijapata kufurahia lawama kama ile.

Shaaban alifika na bajaji. Hakunipa hata shikamoo.

"Mkaza mjomba, unataka kumuua mama yangu? Hatatembea na wewe tena!"

Sikubisha. "Kosa ni langu, mwanangu," nilisema.

Leonadi akamgeukia. "Kaka Shaaban, una haki ya kukasirika. Lakini akikaa ndani tu, sukari itapanda, nayo itamdhuru. Kutembea kwenyewe si kosa. Wametembea vibaya."

Zahanati walimpima Kazija, wakampa chakula, wakabaki naye mpaka jioni. Muuguzi akamwambia, "Bibi, siku ukitaka kufunga, njoo kwanza tuongee kuhusu dawa zako."

Wiki iliyofuata tulikutana kwa Hamida. Shaaban alikuja pia. Alisimama, amekunja uso.

"Kwanza, acheni lami," alisema Leonadi. "Tembeeni uwanja wa shule, kukishapambazuka. Ikibidi mpite barabarani, tembeeni pembeni, upande ambao magari yanawajia usoni, ili muyaone. Bibi Kazija, jifunge kanga nyeupe juu ya baibui. Na kandambili ziache nyumbani, vaa viatu vinavyoshika mguu. Haya, nani anatangulia?"

"Mimi," nilisema.

"Hapana, bibi. Atangulie anayekwenda polepole kuliko wote. Wengine mfuate mwendo wake."

Neno hilo lilinichoma, lakini nikalimeza.

"Mkitembea muweze kuzungumza," aliendelea. "Ukishindwa kuzungumza, umezidisha. Bebeni maji, sukari na simu. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka, au jasho baridi likitoka, simama useme. Na kila asubuhi muulizane nani amekula na nani amefunga."

Maalimu Abilahi akakohoa.

"Mtu haulizwi sunna yake, kijana."

"Basi hakuna kilichobadilika!" alisema Shaaban. "Mama, twende nyumbani."

Kazija akainuka polepole. Aliniangalia, na macho yake yalitaka kubaki. Nikalipiga benchi kofi.

"Kaa, wifi! Asiyekula asubuhi hiyo, au asiyejisikia vizuri, akae hapa kwa Hamida. Atushikie funguo zetu. Atuhesabu tukiondoka, atuhesabu tukirudi. Hatumuulizi kwa nini."

Shaaban akafikiri.

"Na wewe, mkaza mjomba, nani atakuzuia kuuliza?"

Wote wakacheka, hata Kazija.

"Nitaushona huu mdomo," nilisema.

Kazija akakaa. Shaaban akamwacha.

Sasa ni miezi minne. Tumekuwa kumi na mmoja. Sukari ya Kazija inapimwa zahanati, na inakwenda vizuri. Shaaban mwenyewe ametuletea mama mkwe wake. Na Kazija ndiye anayetangulia, kwa mwendo wake wa bibi harusi.

Jumatatu iliyopita niliamka kichwa kinazunguka. Nilikwenda kwa Hamida, nikakaa kwenye benchi, nikanyoosha mkono nipewe funguo. Mimi Esha! Niliona aibu mpaka nikatazama chini.

Kazija akasimama mbele yangu. Nilijua ana la kusema. Miaka arobaini hajaniacha hivi hivi.

Aliweka funguo kiganjani mwangu, akakifunga kwa mkono wake.

"Hamida, mpigie Leonadi aje ampime huyu presha," alisema. Akageuka, akatangulia.

Niliwahesabu wakiondoka: kumi. Nikawahesabu wakirudi: kumi.