Nywele za Loserian na Mafuta Yaliyopotea

Kila alfajiri Loserian alitoka kibandani, akachungulia zizini kama ng'ombe wa baba yake wamelala salama, kisha akapeleka mkono kisogoni. Alitaka kujua kama nywele zake zimeshuka kidogo. Wahenga wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Loserian alijaliwa vyote viwili, ila kusema kweli siku zile alizifikiria nywele zaidi.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya utawala wa Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuwa wakijenga boma lao pale Arusha. Loserian aliishi Moshono, na hakuwa na muda mrefu tangu atahiriwe. Kijana wa Kiarusha akishakuwa morani huacha kunyoa. Nywele zake zilizojikunja huachwa zirefuke, husokotwa nyuzi nyembamba, na hupakwa mafuta ya mkia wa kondoo yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Baada ya mavuno kungekuwa na sherehe ya morani wapya. Mwenye nywele za kufungwa kisogoni angecheza mstari wa mbele. Ambaye zake hazijafika angekaa na wavulana, awatazame wenzake wakiruka. Loserian alikuwa ameapa kwamba yeye hatakaa na wavulana.

Sasa, morani hajisokoti mwenyewe. Kichwa chake humkabidhi mwenzake wa rika moja. Loserian alimkabidhi Kisioki, rafiki yake tangu walipochunga ndama pamoja, na Kisioki mwenyewe alisokotwa na kijana mwingine aliyeitwa Lesikar. Bibi yake Loserian, mzee Namnyaki, aliyeyusha mafuta ya kondoo, akayatia kwenye kibuyu, na Loserian akampa Kisioki kibuyu kile akitunze na kukitumia.

Miezi ya kwanza nywele zilikwenda vizuri. Baadaye zikaanza kukatika. Loserian aliamka akakuta vipande vyake juu ya ngozi aliyolalia, na vumbi jekundu limejaa mabegani. Kisioki alipomsokota alivuta mpaka machozi yakamlengalenga.

"Taratibu, ndugu yangu," Loserian alisema siku moja. "Paji la uso linawaka moto."

"Morani halii," Kisioki alimjibu. "Na nywele zako zimekuwa ngumu. Ni ile chokaa ya boma."

Loserian aliamini. Askari walikuwa wakija mara kwa mara kuwachukua vijana kwenda kubeba mawe na chokaa, na chokaa ile iliwaunguza ngozi wote. Ni kweli kwamba Kisioki naye aliibeba, na nywele zake ziling'aa. Jambo hilo Loserian aliliona, ila hakuuliza. Kwa watu wa rika moja, kumhoji mwenzako juu ya chakula au mafuta ni aibu. Ni kama kusema huna imani naye. Basi akanyamaza, na nywele zikaendelea kukatika.

Jioni moja alipita nyumbani kwa bibi yake, akitoka kubeba chokaa.

"Takwenya, Koko," alimwamkia bibi kwa lugha yao.

"Iko, mjukuu wangu," bibi aliitikia. " Hebu sogea hapa kwenye mwanga."

Bibi alishika uzi mmoja wa nywele, akausugua kwa vidole. Ulikatika, ukabaki mkononi mwake. Akaunusa.

"Huu ni udongo na maji matupu," alisema. "Mafuta yangu yako wapi?"

"Anayo Kisioki. Ni chokaa, Koko, ndiyo inayoharibu."

"Chokaa hukausha, ndiyo. Lakini nywele yenye mafuta hunukia mafuta. Hii hainukii kitu. Nimekuuliza, mafuta yangu yako wapi?"

Loserian alikasirika, tena alimkasirikia bibi. Kisioki ni ndugu yake, atamwibiaje? Alirudi akiwa amenuna, lakini maneno yale yakawa yamemkaa rohoni.

Asubuhi yake alikwenda kwenye kibanda cha wenzake. Kisioki alikuwa ameketi chini, ameegemea magoti ya Lesikar anayemsokota. Kando yao palikuwa na kibuyu cha bibi, kile kile chenye shanga za buluu shingoni. Lesikar alichovya vidole, akapaka nywele za Kisioki kuanzia kwenye shina hadi ncha.

"Mama yako anajua kuyeyusha mafuta," Lesikar alisema, maana hakujua lolote. "Kondoo wenu bado wananona?"

"Wananona sana," Kisioki alijibu.

Loserian alisimama mlangoni. Ule uchungu wote wa kuvutwa, yale machozi, lile "morani halii", kumbe alikuwa akisokotwa kwa tope! Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa kichwani.

"Kisioki," aliita. "Hicho kibuyu ni cha nani?"

Lesikar aliondoa mkono. Kisioki alijikuna shingo, akatazama chini.

"Kondoo wetu walikufa kwa ugonjwa," alisema hatimaye. "Wote. Niliona haya kuja mbele ya rika bila mafuta."

"Na mimi uliniona nini?"

Kisioki alikisukuma kibuyu kuelekea mlangoni.

"Ungeniomba ningekupa nusu," Loserian alisema. "Sisi ni rika moja. Hukuwa na haja ya kuniibia. Nilikupa kichwa changu, Kisioki."

Alichukua kibuyu, akaenda kwa bibi yake. Njiani alilia, na hakujali kama kuna mtu anamwona.

Bibi Namnyaki hakumwambia "nilikuonya". Alichukua wembe, akakata sehemu zote zilizochakaa, na hapo Loserian akajua kwamba sherehe imempita. Kisha bibi akampaka mafuta, huku akimwelekeza. "Zisisokotwe kwa kuvutwa, zikikubana paji la uso, sema. Mafuta yafike kwenye ncha, maana ncha ndiyo kongwe, ndiyo hukatika kwanza. Ukienda kwenye chokaa, funga kichwa kwa ngozi laini. Na usizifumue kila unapotaka kujitazama."

Rika lilikutana likaamua kwamba mwizi wa mafuta hatacheza. Siku ya sherehe, Loserian alikaa na wavulana. Karibu naye aliketi Kisioki, nywele zake zimefika mabegani, zinang'aa, na hazina kazi. Loserian alizitazama nywele zile akajua kwamba ni zake, zimeota kwa mafuta yake kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Mwezi uliofuata Kisioki alikuja kwa bibi Namnyaki akiwa na kibuyu kilichojaa mafuta. Alikuwa amemlimia mjomba wake shamba zima ili apate kondoo.

"Haya ni yako," alimwambia Loserian. "Nimekosa. Kaa nikusokote, sitavuta."

Loserian alikipokea kibuyu. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini atanisokota Lesikar."

Kisioki aliinamisha kichwa, akaondoka. Loserian alimgeukia bibi. "Nimefanya vibaya, Koko?"

"Hapana," bibi alisema. "Kosa lako lilikuwa kunyamaza. Uliona vumbi mabegani mwako, uliona mwenzako anang'aa, ukaita ukimya wako heshima. Rafiki wa kweli huulizwa, wala haumii. Na kosa lake lilikuwa kuona haya kuomba, asione haya kuiba. Mafuta ameyarudisha leo. Imani hairudishwi kwa kibuyu. Hiyo ni kama nywele: ikishakatika huanza tena kwenye shina, polepole, na ukiivuta ili irefuke haraka, inakatika tena. Mpe muda. Akiwa mwaminifu, utaona."

Lesikar alimsokota Loserian bila kuvuta, na nywele hazikukatika tena. Sherehe ya mavuno yaliyofuata ilipofika, Loserian alizifunga kisogoni, akajipanga mstari wa mbele. Kabla ya kuingia uwanjani, utepe wa ngozi uliozifunga ulilegea. Kisioki, ambaye safari hii naye aliruhusiwa kucheza, alikuwa nyuma yake, akanyoosha mkono. Loserian alisita, kisha akainamisha kichwa, akamwachia aukaze.