Utaji wa Picha

Mama alikuwa amelizungusha shuka kwenye bomba la uani, analisokota kama kamba ili maji yatoke, mama mkwe wake alipotokea mlango wa jikoni akiwa na kiatu kimoja mguuni.

"Mwanangu, liache hilo. Mtoto yuko chumba cha vitabu, nimemwita mpaka koo limenikauka. Kasimama wima, macho wazi, haitiki."

"Anaringa huyo."

"Haringi. Hapepesi hata ukope."

Shuka likaanguka kwenye tope. Mama hakuliokota, na mwanamke aliyefua kwa mikono tangu asubuhi haachi shuka kwenye tope kwa jambo dogo.

Chumba chenyewe, kwa haki, kilikuwa cha mtoto. Mume wa mama alikitwaa akakijaza vitabu. Mume huyo alikuwa karani wa ofisi ya maji. Wenzake walimbandika jina la Mhadhiri kwa kumcheka, naye akalivaa kama nishani. Alikusanya vitabu vikuukuu vya Wazungu juu ya Wahindi: mavazi yao, historia yao, dini yao. Kwa nini Wahindi, hakuna aliyejua. Hakuwa na rafiki Mhindi hata mmoja, na nusu ya vitabu ilikuwa kwa lugha ambazo asingeweza kuombea hata maji ya kunywa. Lakini alivifungua kwa glavu nyeupe, na mgeni yeyote aliyekosea njia akaingia mle alisomeshwa mpaka akasahau alichojia.

Mama alizitazama mara moja picha za kitabu kimoja kikubwa, zikamtosha. Watu wamepangwa kama mbuzi wa mnada: mfumaji na mkewe, mchota maji na mkewe, mtawa aliyejipaka majivu. Chini ya kila mmoja imeandikwa aina yake. Jina, hakuna.

"Huyu aliyewachora alikuwa na adabu gani?" alimwuliza mumewe. "Kaenda makwao, kawasimamisha juani, kahesabu mikunjo ya nguo zao, hata salamu hakutoa."

"Hiyo ni elimu, mke wangu."

"Ni umbea wenye jalada."

Sasa, kila picha ilikuwa imefunikwa karatasi laini, nyembamba kama ganda la kitunguu, iliyogundishwa na fundi aliyejalidi kitabu. Mhadhiri mwenyewe aliziita utaji. Wiki iliyopita aliona zimekuwa njano na zinamfichia rangi, akazikata zote kwa wembe, akampa mkewe awashie jiko. Tangu hapo nyumba ilinuka gundi mbichi na nguo iliyooza kwa unyevu, na wakaanza kusikia mkwaruzo. Krrr. Krrr. Mama alidhani panya. Lakini panya hunyamaza ukigonga ukuta. Kitu hiki kilinyamaza kidogo tu, kama mtu anayechonga penseli, kisha kikaendelea.

Alipofika mlangoni alimkuta mumewe amepiga magoti mbele ya kitabu kilichofunguliwa sakafuni, glavu mkononi, jasho linamtiririka. Binti alikuwa katikati ya chumba. Alijifunga kitambaa cha meza begani kwa mikunjo ambayo hakuna aliyemfundisha, mguu mmoja mbele, mkono umeinuliwa umeshika hewa. Na midomo yake ilikuwa imepauka, na weusi wa nywele zake ulikuwa ukififia taratibu kama kitambaa kilichoanikwa juani siku nyingi, na pale ukurasani, pembeni mwa picha ya mke wa mfumaji, mahali palipokuwa patupu tangu kitabu kichapwe, miguu ya mtoto ilikuwa imekwisha kuchorwa, na magoti, na kiuno, na mstari ulikuwa unapanda wenyewe bila mkono, krrr, krrr, ukielekea shingoni.

"Tumwite mganga," mama mkwe alinong'ona.

"Akifika uso utakuwa umekwisha," mama alijibu. Akamgeukia mumewe. "Umefanya nini?"

"Namsihi mchoraji, mke wangu. Namsihi kwa heshima." Akainamia kitabu. "Ewe mtukufu, bingwa wa mabingwa, mkono wako hauna mfano..."

Penseli isiyoonekana ikakimbia. Mabega yakatokea kwa pumzi moja.

"Nyamaza, mpumbavu wewe!" Mama alitazama mchoro, na hofu ikampanda pamoja na hasira, asijue ipi imetangulia. "Mkono gani huu? Vidole kama uma!"

Mkwaruzo ukasita.

Mama akaelewa: sifa humwongezea kasi, dosari humsimamisha. Alikuwa akiishi na mwanamume wa namna hiyo.

"Na goti hili? Mwanangu ana kovu la kuanguka, umelichora? Hukuliona. Kazi yako kuhesabu mikunjo. Mchoraji gani wewe, fundi wa mabango ya kinyozi anakushinda!"

Harufu ya gundi ikawa kali mpaka mama mkwe akajiziba pua kwa upande wa nguo. Kisha sauti ikatoka kitabuni, kavu, kama ya mtu anayesema huku penseli iko menoni.

"Huyu ni aina gani?"

Chini ya picha ya mtoto palikuwa pameachwa nafasi ya maandishi.

Na Mhadhiri, ambaye maishani hakuwahi kuulizwa swali asilijibu, akafungua kinywa. "Huyu ni wa jamii ya—"

Mama akamziba mdomo kwa kiganja chenye povu la sabuni.

"Ni mtoto wangu," alikiambia kitabu. "Jina lake hupewi. Na wewe ni mbea usiye na kwenu."

Akafungua mtandio kiunoni, ukiwa umelowa maji ya kufulia.

"Maji! Mke wangu, usi... kitabu kina miaka mia mbili!"

"Mwanao ana kumi na miwili."

Akaubwaga mtandio juu ya ukurasa, akaukandamiza kwa mikono miwili kama anayemzamisha nyoka. Chini yake kitu kikafurukuta. Pazia likapaa ingawa hapakuwa na upepo, na viatu vya ngozi, vizito, vyenye hasira, vikasikika vikipita ukumbini hadi nje, na hakuna aliyeviona.

Mahali pa mchoro wake pakabaki patupu, weusi ukarudi nyweleni mwa binti, naye akaketi chini kama gunia. "Mama, mguu umekufa ganzi."

"Usugue."

Mchana wote uliobaki Mhadhiri alikaa banda la kuni na sufuria ya gundi, akirudishia kila picha karatasi, kaigeuzia mgongo asiitazame, kwa amri ya mkewe.

Jioni mama akapakua wali na mchuzi. Mhadhiri alitafuna kidogo, kisha akashindwa kujizuia.

"Lakini ule mkono, tuseme kweli, ulikuwa na ustadi wa—"

Vijiko vitatu vikatua mezani.

"Kula," mama yake mzazi alimwambia.

Akala. Mama akawapitia kwa macho kama anavyohesabu kuku kabla ya kufunga banda: mama mkwe, binti, yeye mwenyewe, mume. Wote wapo, hata asiye na akili.