Njia ya Tatu

Jua likizama, mama watoto aliinjika sufuria, akapunguza moto, akaenda kumwimbia mumewe kiitikio kimoja. "Dakika tano tu," Fundi alimwambia. Dakika tano za mafundi sauti mnazijua wenyewe.

Studio yenyewe ilikuwa stoo ya nyumba, kuta zimebandikwa magodoro makuukuu, dirisha limezibwa kwa mbao. Mlango ukifungwa, hata watoto wakilia sebuleni husikii kitu. Juu ya meza ya kupigia pasi ilikaa mashine mpya ya kurekodi. Mpya kwake, maana aliinunua mtumba kwa mzee mmoja aliyekuwa na haraka ya ajabu ya kuiuza. Ilikuwa na njia nane: ngoma njia yake, gitaa njia yake, sauti njia yake, kisha unazichanganya.

Sasa, kila fundi anajua: mashine ya mtumba, kabla ya lolote, unafuta kumbukumbu yote. Yeye hakufuta. Alikuta humo wimbo wa watu, ngoma zimepigwa zikapigika, uvivu ukamshika. Akasema atazitumia hizo hizo. Njia ya tatu ilikuwa na mwanamke anayeguna polepole, bila maneno. Fundi akaona huyo hana kazi naye, atarekodi sauti ya mkewe juu yake.

"Imba, mama."

Mama watoto akaimba, tena vizuri mno. Fundi alifumba macho... Taa ya mezani ikafifia, ikarudi. Harufu ya nguo zilizokaa sana sandukuni ikajaa chumbani.

Wimbo ukaisha.

"Unaionaje?" Fundi aliuliza.

 Mkewe alikuwa anajishika koo, anajipapasa mashavu, anageuza viganja, kama mtu anayejaribu nguo dukani. Kisha akaguna.

Polepole. Bila maneno.

 Fundi akavaa hedifoni. Mashine ilikuwa imesimama, saa yake haisogei, lakini taa ya njia ya tatu ilikuwa inarukaruka...

"Baba watoto," mkewe alimnong'oneza kutoka ndani ya hedifoni. "Mbona giza? Nitoe."

Kipo kitufe cha kurudisha. Ukikibonyeza, kilichorekodiwa mwisho kinaondoka, cha zamani kinarudi mahali pake. Kidole chake kilishafika.

"Miaka sita nilikaa humo," alisema yule aliyesimama mbele ya maiki. Mdomo ulikuwa wa mkewe, sauti ilikuwa ya bibi kizee. "Mume wangu naye aliogopa kubonyeza. Akaona bora akuuzie wewe. Nikirudi humo, huyu wako anafutika. Mashine unaijua mwenyewe."

Aliijua, na hapo ndipo alipokwama. Kitufe kile hakihamishi sauti. Kinafuta.

"Bonyeza," mkewe alisema hedifonini. "Liwalo na liwe."

Hakubonyeza. Alimpenda, akashindwa, akalia kama mtoto.

Yule mwanamke akafungua mlango, akaenda kuepua sufuria. Watoto wakaita mama. Akaitika.

Mashine haijazimwa mpaka leo. Yule wa kwanza ilizimwa ikauzwa naye akabaki humo, lakini Fundi hana moyo wa kujaribu. Hasafiri, haendi msibani wala harusini, umeme ukicheza kidogo anakimbilia betri ya akiba roho mkononi. Majirani wanasema kazi imempanda kichwani. Mkewe wanamsifu: siku hizi ametulia, hana maneno.

Kila jioni anajifungia stoo, anavaa hedifoni, anasogeza maiki.

"Upo?"

"Nitakwenda wapi," mkewe anajibu. "Watoto wamekula?"

"Wamekula."

"Nani amewapikia?"

Hapo Fundi hupunguza sauti ya hedifoni.