Shimo Jipya Katika Kikwembe

Jogoo alikuwa bado hajawika Kétsia aliposikia chekecheo likigongwa taratibu jikoni: to, to, to. Koko Adrienne, bibi yake, alikuwa akichekecha unga wa muhogo.

“Kapu hili zima la unga ni lako,” Koko alimwambia kulipokucha. “Nenda sokoni Hombo ulibadilishe na kikwembe cha zamani, kitenge cha kweli. Hivi vya sasa, ukivifua mara tatu, maua yote yanakimbilia mtoni.”

Kétsia alikuwa amemaliza darasa la sita. Siku ya kutangaza matokeo angesimama mbele ya wazazi wote asome shukrani, na nguo ya kuvaa hakuwa nayo. Alijitwika kapu, akaandamana na rafiki yake Joséphine-Marie, binti wa mwenye duka. Mwendo ulikuwa wa saa moja.

Sokoni, kwenye mstari wa mitumba, baloti, marobota ya nguo kuukuu, zilikuwa zimekwisha kukatwa kamba. Akina mama walizamisha mikono hadi mabegani. Joséphine-Marie alivuta koti refu la nchi za baridi.

“Huyu aliyevaa hii alikuwa muntu ao tembo?” aliuliza, na watu wakacheka.

Walipekua mpaka jua likapanda, wasipate kitu. Ndipo, mwisho wa mstari, karibu na mtaro, wakamwona mama mzee ameketi juu ya gunia. Jina lake lilikuwa Euphrasie, mmoja wa watu waliokimbia vita kutoka milima ya Masisi, wakapewa kambi karibu na soko. Vitu vyake havikutoka kwenye baloti. Vilitoka kwenye sanduku lake mwenyewe. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na kikwembe cha buluu iliyoiva, chenye majani ya manjano, kizito mkononi kama kipya.

“Nilipewa siku ya kuolewa,” mama alisema. “Nilikivaa sikukuu tu. Unipe kapu hilo la unga, mutoto wangu. Niko na wajukuu wanne.”

Kétsia alikipenda papo hapo. Lakini Joséphine-Marie alimvuta pembeni.

“Kapu zima? Wewe iko mujinga! Ingiza kidole chini ya kunjo, uvute uzi ukatike. Ni vile wajanja wa baloti wanafanya. Nguo yenye shimo haina bei.”

Kétsia alirudi, akapapasa kikwembe kana kwamba anakikagua. Kidole chake kikaingia chini ya kunjo. Uzi ulikatika, krr, kisha mwingine.

“Mama, hii iko na shimo!” alisema kwa sauti.

“Ni panya wa kambini,” Joséphine-Marie alidakia. “Mumewanyima chakula, sasa wanakula nguo!”

Wasichana wote wawili walicheka. Mama Euphrasie alilitupia jicho lile shimo, macho yakarudi kwenye kapu. Kisha akasema polepole, “Utoe unavyoona, mutoto wangu.”

Kétsia alimpimia mabakuli mawili tu. Manyunyu yalikuwa yameanza, na mama akakunja kikwembe vizuri, shimo likiwa ndani lisije likanaswa na kitu, akakifunika kwa jani la mgomba ili kisilowe. Kétsia alikipokea, akaenda zake bila kusema asante. Njiani Joséphine-Marie alimsifu mpaka walipoachana.

“Koko, tazama!” Kétsia alipaza sauti mlangoni. “Na unga nimerudi nao!”

Koko Adrienne alikunjua kikwembe. Alitabasamu, akakipitisha mikononi polepole, halafu tabasamu likazimika. Kidole chake kilikuwa kwenye shimo.

“Shimo la zamani nyuzi zake zimechoka, zimeshika uchafu,” alisema. “Hili nyuzi zake ni nyeupe kama meno. Ni nani alitoboa?”

Kétsia aligeukia kapu la unga.

“Nimekuuliza.”

“Ni mimi, Koko.”

Koko hakumpiga. Alilijaza kapu tena, akatia juu yake maharage na kichupa cha mawese, akamtwika. “Twende,” alisema. Wakashika tena njia ya Hombo.

Walimkuta Mama Euphrasie akikunja gunia lake. Kétsia alitua kapu, akapiga magoti kwenye tope.

“Mama, ile shimo… ni mimi nilitoboa.”

“Najua,” mama alijibu. “Nilisikia uzi ukikatika. Nguo nimekaa nayo miaka thelathini, ningekosaje kuisikia?”

“Sasa kwa nini ulinyamaza?”

“Watoto hawakula tangu jana. Ningekugombeza, ungeondoka na unga wako. Hata mulipocheka, nilikuwa ninaangalia kapu tu.”

Kétsia alilia, na hakuna aliyembembeleza. Alimnyooshea mama kikwembe akitaka kukirudisha, lakini mama alitikisa kichwa.

“Sasa kapu limejaa. Tumeuziana vizuri. Kaa nacho.”

Koko Adrienne alimsimamisha mjukuu wake, akamfuta tope magotini kwa ncha ya nguo yake mwenyewe.

“Kubishana bei si dhambi,” alimwambia. “Soko ni mdomo. Lakini ukimdanganya mtu mwenye shida, usiseme umemshinda kwa akili. Njaa yake ndiyo iliyomshinda, wewe uliisaidia tu. Mali ya namna hiyo haimpi mtu heshima, hata akiivaa mbele ya watu elfu. Shimo utalishona mwenyewe leo. Na Joséphine-Marie akikuuliza, umwambie ukweli wote.”

“Ndiyo, Koko.”

Mama Euphrasie alijitwika kapu. Alipiga hatua chache kuelekea kambini, kisha akageuka.

“Mutoto,” aliita, “matokeo yakishatangazwa, upite hapa ukiwa umekivaa. Ninataka kukiona kikitembea. Usikawie, maana hatujui watatuhamishia wapi. Na usilete unga. Njoo tu unitembelee.”